Kiapo Darasani Lodwar

Kutoka Voi hadi Kakuma nilitumia karibu wiki nzima, kwa sababu kila nilipofika niliambiwa gari limeshaondoka au bado halijajaa. Basi la Nairobi liliharibika Mtito Andei. Kitale nilikaa kwenye ua wa wauza vitunguu, nikilala juu ya magunia, nikisubiri lori lipate mzigo wa kutosha. Hata lilipojaa, dereva hakukubali kuondoka peke yake. Kutoka Marich kwenda Kainuk na mbele yake hakuna aliyependa kupita bila wenzake mwaka ule, kwa hofu ya majambazi. Magari yalijipanga, askari wa akiba wakapanda juu ya shehena na bunduki zao, na mmoja wao akakaa miguu ikining'inia karibu na sikio langu, akimenya vitunguu na kuvila vibichi njia nzima. Lami ilikuwa imeoza. Dereva aliiacha akapita kando yake, kwenye mchanga, ambako angalau mashimo yalikuwa laini.

"Wewe unaenda kufanya nini huko?" askari yule aliniuliza.

"Kazi. Kutunza ghala la bidhaa Kakuma."

"Umekimbia nini?"

"Sijakimbia kitu."

"Watu wa Kenya wakikuja huku wamekimbia kitu," alisema, kana kwamba tulikuwa tumeshavuka mpaka. "Bibi, ama polisi. Wewe ni gani?"

Nilicheka. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nilikuwa nimefanya kazi ya ulinzi Mombasa, ya machimbo Athi River, ya jikoni hotelini Naivasha, na kote huko sikukaa hata mahali pakanizoea. Mali yangu ilikuwa cheti cha kidato cha nne na mkoba mmoja. Na kulikuwa na jambo moja lililokuwa likinikera. Wakati ule wa Mombasa nilikamatwa jioni moja nikitembea zangu barabarani, nikaambiwa nazurura, nikakaa seli tangu Ijumaa hadi Jumatatu, kisha mlango ukafunguliwa nikaambiwa niende. Hakuna aliyenieleza kwa nini niliingia, wala kwa nini nilitoka. Tangu siku hiyo, nikiona gari la polisi, mwili ulikuwa unatangulia kuogopa kabla akili haijauliza.

Ndiyo maana, miezi michache baada ya kufika, nilipoona tangazo Lodwar kwamba chuo fulani kinafundisha shahada ya haki ya jinai siku za mwisho wa wiki, nilijiandikisha. Watu wengine darasani walitaka kupanda cheo. Mimi nilikuwa kama mgonjwa anayenunua kitabu cha ugonjwa wake.

Darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa uliokodishwa, wenye mabati yaliyolia kila jua lilipopanda. Mhadhiri alikuja kutoka Eldoret, mtu mwembamba mwenye chupa ya chai aliyoikumbatia kama mtoto, na mto ukijaa Kainuk hakuja kabisa. Wengi wetu walikuwa askari magereza, walimu na wafanyakazi wa mashirika. Nilizoeana na watatu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja Mturkana, naibu wa chifu kutoka upande wa Kaikor, tuliyemwita Mama Chifu. Alisafiri safari ndefu kuliko sisi sote, akifika analala kwenye nyumba ya wageni ya Nawoitorong, na Jumamosi asubuhi anaingia darasani amebeba mkoba mkubwa wenye kila kitu, kuanzia dawa ya kichwa hadi Biblia. "Ejok," alikuwa akitusalimu mlangoni kwa Kiturkana, na hakukaa mpaka wote tumeitikia.

Wa pili alikuwa polisi. Alikuwa mtu wa Kitui, mnene kidogo, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kizuizi cha barabarani, upande wa kuingia Lodwar ukitoka Kakuma. Darasani tulimwita afande, hata mhadhiri alimwita hivyo.

Wa tatu alikuwa rafiki yangu, na habari hii ni yake kuliko yangu. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliyeingia kambi ya Kakuma akiwa kijana mdogo na sasa ana mke na watoto. Alikuwa na duka kambini la unga, sukari na betri, na bidhaa alizinunua kwetu ghalani. Siku moja aliona kitabu changu juu ya gunia la sukari, akasimama anakisoma mpaka akasahau kuchukua mzigo wake. Wiki iliyofuata alikuwa amejiandikisha. Nchi yake ilikuwa imepata uhuru juzi tu, na yeye alitaka kurudi huko awe hakimu.

"Kule kwetu jenerali wako wengi," alisema. "Hakimu hakuna. Mimi nikipeleka karatasi hii, akui, ndugu yangu, watanipa koti nitachoka kuvaa."

Shida ilikuwa moja, na kila aliyewahi kuishi Kakuma anaijua. Mkimbizi hatoki kambini bila hati ya ruhusa. Akikutwa nje bila hiyo hati ametenda kosa, na anaweza kupelekwa mahakamani. Hati ilitolewa kwa ugonjwa, kwa usaili wa kwenda ng'ambo, mara nyingine kwa masomo. Lakini ofisi ilikuwa ikimwambia rafiki yangu arudi kesho, na kesho yake arudi wiki ijayo, na mwisho wa mwaka ule mambo yalizidi kuwa magumu. Darasa halikumsubiri. Basi kila Ijumaa tulipanda gari pamoja, yeye akikaa dirishani na kofia ya timu ya mpira, na tulijifunza sheria za jinai huku mmoja wetu akizivunja ili apate kuzisoma.

Mhadhiri alikuwa ametuambia tangu muhula wa kwanza, bila kujua anamwambia nani: mtu aliyehukumiwa kwa kosa, hata dogo, asijidanganye kwamba atakalia kiti cha hakimu. Rafiki yangu aliandika sentensi hiyo akaipigia mstari. Sikuwahi kumwona akipigia mstari kitu kingine.

Afande alijua. Sote tulijua kwamba anajua. Lakini alikuwa na namna yake ya kufanya kazi pale kizuizini, na nadhani askari wengi wa barabara wanaifahamu. Alikuwa akimulika nyuso moja baada ya nyingine, anauliza kitambulisho, anauliza unakwenda wapi, na akikaribia kiti cha rafiki yangu anageuka kutazama gurudumu la mbele na kumuuliza dereva habari ya bima. Jambo ambalo hakuliuliza, kwake halikuwepo. Kesho yake wanakaa benchi moja, wanaazimana rula. Hata hivyo, kila Ijumaa kizuizi kikionekana mbele mimi nilikuwa nikitoa kitambulisho kabla sijaulizwa, na rafiki yangu alikuwa akiishusha kofia yake hadi kwenye nyusi.

Muhula wa pili mhadhiri alitaka tuigize kesi. Mimi nilifanywa mshtakiwa: nimeiba redio dukani. Mama Chifu akawa hakimu. Afande, kwa mwandiko wake na sauti yake, akawa kiongozi wa mashtaka. Rafiki yangu alikuwa shahidi wangu, wa kusema kwamba saa ya wizi nilikuwa naye tunakunywa chai. Tulipanga meza, tukatundika kitambaa, watu wakacheka wakinitazama kizimbani, ambacho kilikuwa viti viwili vimelazwa.

"Shahidi aape," alisema Mama Chifu.

"Aape kwa kitabu chochote," alisema mhadhiri. "Hata hiki cha mahudhurio."

"Hapana, mwalimu. Kwa korti yangu hakuna mchezo." Akafungua mkoba wake akatoa Biblia, ile yake ya kila siku, iliyochakaa pembe. Watu wakapiga makofi.

Rafiki yangu aliitazama ile Biblia kwa muda. Kisha akaishika, akaapa, na nikaona kwamba uso wake umebadilika. Nilidhani anaigiza vizuri.

Alieleza habari ya chai sawasawa na tulivyopanga. Afande akainuka kumhoji. Akauliza duka liko wapi, chai ilikuwa na maziwa au la, na kila mtu alikuwa anafurahia. Halafu, kama mtu ambaye miguu yake inajua njia bila yeye kuifikiria, akauliza, "Na leo umetoka wapi?"

"Kakuma."

"Kakuma mjini ama kambini?"

"Kambini."

"Uko na hati ya kutoka?"

Nakumbuka mabati yakilia. Afande mwenyewe alikuwa ameshatambua alichouliza. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Angeweza kusema swali limefutwa. Rafiki yangu angeweza kusema ndiyo, ninayo, na kesi ya redio ingeendelea. Badala yake alitazama mkono wake uliokuwa bado juu ya Biblia.

"Sina," alisema. "Sijawahi kuwa nayo. Kila Jumamosi nakuja bila hati."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaona anacheka peke yake.

"Korti haijasikia hiyo," alisema Mama Chifu haraka.

"Mimi nimesikia," alisema afande, kwa sauti ndogo, akakaa.

Jioni hiyo nilimgombeza rafiki yangu. Nilimwambia ilikuwa maigizo, hata redio haikuwepo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Redio ni mchezo," alisema. "Duka ni mchezo. Ile kitabu ni kitabu. Kwetu mtu haapi kwa mchezo. Mjomba wangu aliapa uongo kwa sababu ya ng'ombe mmoja tu. Ile nyumba yake leo hakuna mtu wa kufungua mlango. Mimi niko na watoto, akui."

Kurudi kambini hakukuwa tabu, kwani hakuna anayemzuia mkimbizi anayerudi. Lakini katikati ya wiki afande alinipigia simu ghalani.

"Mwambie rafiki yako asipite kwangu Ijumaa."

"Afande, umempitisha mwaka mzima."

"Mwaka mzima nilikuwa sijui. Sasa najua, na darasa zima linajua ya kuwa najua. Kuna askari jela pale kumi ambao wanataka cheo. Akipita, nitamshika. Si kwa ubaya. Mwambie asinilazimishe."

Rafiki yangu hakupita. Akaanza kwenda ofisi ya hati kila asubuhi, akakaa kwenye foleni pamoja na wagonjwa na akina mama wenye watoto mgongoni, na kila jioni alikuja ghalani na jibu lilelile. Mimi nikawa nakwenda Lodwar peke yangu na kurudi na madaftari. Tulisoma tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya unga, mlango umefunguliwa kwa ajili ya joto. Nilimweleza yale niliyoyaelewa, na mengi alinieleza yeye. Tendo na nia, alisema, ni kama mbuzi na kamba: ukikuta kamba peke yake mkononi mwa mtu, bado hujamwita mwizi. Nilijua kwamba atapasi. Nilijua pia kwamba mtihani utafanyiwa Lodwar, na asiyefika mtihanini anarudia mwaka, na kulikuwa na uvumi kwamba mwaka wa kurudia hautakuwepo kwa sababu chuo kinataka kufunga ukumbi ule.

Mhadhiri alimwandikia barua ya kuthibitisha mtihani. Ofisi iliipokea. Siku zikapita. Mke wa rafiki yangu alianza kunitazama kwa jicho la lawama nikienda kwao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache. Siku moja aliniambia, akinimiminia chai, "Kabla ya wewe na vitabu yako, huyu alikuwa analala."

Ijumaa ya mtihani ilifika bila hati. Asubuhi nilikwenda dukani kwake kumuaga. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na hakusema alilivaa kwa nini. Tulikaa. Hakuna aliyeutaja mtihani. Nilikuwa nimeshasimama kwenda kutafuta gari, ndipo gari la polisi lilipokata kona ya soko na kusimama mbele ya duka.

Afande alishuka akiwa na sare kamili. Dereva wake alibaki ndani, injini ikinguruma.

"Wewe. Toka nje," alimwambia rafiki yangu. Si kwa sauti ya darasani. "Uko chini ya ulinzi."

Alimfunga pingu pale pale, mbele ya mizani. Mke wake akatoka nyuma, akaona, akapiga yowe, na soko zima likageuka. Vijana walianza kusogea. Mmoja aliokota jiwe, akalishika tu.

"Kosa gani, afande?" niliuliza. Zile siku za Mombasa zote zilinirudia, mpaka harufu ya ile seli.

"Ataelezwa kituoni."

"Naomba nije naye."

"Wewe si mkimbizi, nani amekuzuia? Panda."

Tukapanda nyuma. Gari liliondoka kabla vijana hawajaamua. Rafiki yangu alikaa amenyoosha mikono mbele, kama mtu aliyebebeshwa kitu kisicho chake. Baada ya kupita mto mkavu aliniambia kuna sukari ambayo mke wake hajui imewekwa wapi, nimwambie. Kisha akaniambia watoto wasihamishwe shule. Alisema mambo haya kwa utaratibu, akinyamaza kidogo baada ya kila moja. Nilimwambia ataachiliwa. Aliniuliza nimejuaje.

Afande alikaa mbele na hakugeuka hata mara moja. Nilitazama shingo yake njia nzima. Ilikuwa imelowa jasho, na kila gari lilipotukuta alikuwa anaketi wima.

Kizuizini wenzake walituamkia.

"Nani huyo, mkubwa?"

"Mahabusu."

"Ameiba nini?"

"Fungua njia, bwana."

Wakafungua. Tukaingia Lodwar, tukafika pale barabara inapogawanyika kwenda kituoni, na gari halikukunja. Liliendelea mpaka kwenye ukumbi wa kanisa. Wanafunzi walikuwa wamesimama kivulini wakifungua madaftari kwa mara ya mwisho. Afande akaja nyuma, akatoa ufunguo mfukoni. Ufunguo uligongagonga pingu mara kadhaa kabla ya kuingia.

"Kalamu uko nayo?" alimuuliza.

Rafiki yangu hakuelewa.

"Nimekuuliza kalamu. Mtihani saa nane."

Hata sasa sijui nilicheka au nililia. Rafiki yangu hakufanya lolote kati ya hayo. Alishuka, akaketi kwenye ngazi ya kanisa, akaipokea kalamu kwa mikono miwili iliyobanwa pamoja, kana kwamba pingu bado zipo. Mama Chifu alikuja, akatazama alama za pingu, akamtazama afande toka kofia hadi viatu.

"Umefanya nini wewe?"

"Mkimbizi hawezi kutoka bila hati," alisema afande. "Mahabusu anatoka na askari. Hakuna sheria nimevunja."

"Na mtu mwenyewe ulimwambia?"

"Ningemwambia ingekuwa mpango. Dereva angesikia. Kila mtu angesikia. Na akiulizwa tena kwa kiapo, si angesema yote?"

Mama Chifu alitema mate pembeni, akafungua ule mkoba wake, akatoa chupa ya maji na kuanza kumkanda rafiki yangu viganja, kidole kimoja kimoja, mpaka tulipoitwa ndani.

Maswali ya mtihani siyakumbuki. Nakumbuka mgongo wa lile shati jeupe mbele yangu, na kwamba kwa muda mrefu mkono wake haukusogea, halafu ukaanza. Afande aliketi dirishani, bado amevaa sare, akiandika ule mwandiko wake mzuri huku macho yakikimbilia barabarani kila gari lilipopita.

Karatasi ya pili ilikuwa kesho yake. Jioni nilimfuata afande uani, nikamuuliza lile lililokuwa likinichoma. Kama jina la rafiki yangu limeandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo, basi amekamatwa, na kukamatwa kunaweza kuishia mahakamani.

"Umemwandika?"

"Nikimwandika, nimemshika, na lazima Jumatatu nimpeleke kwa hakimu. Nisipomwandika, nimemteka nyara kwa gari ya serikali." Alipangusa uso kwa kofia. "Ile kipengele ya kukamata niliisoma mara nne. Hakuna mahali inasema njia ya tatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo omba mkuu wa kituo asiniulize."

Rafiki yangu alilala nyumbani kwa afande, kwenye safu ya nyumba za polisi, kwa sababu angeonekana mjini peke yake angekamatwa na mwingine, na huyo mwingine angemwandika. Mke wa afande alipika ugali na samaki wa ziwani. Niliambiwa mgeni alikula kidogo akashukuru sana. Mimi nililala chumba cha kukodi, na kila mlango uliposikika nilikuwa naketi kitandani nikingoja nisikie jina langu.

Mkuu wa kituo hakuuliza. Alikuwa amekwenda Eliye Springs na wageni wake, na kizuizini watu walibadilishana zamu. Jumapili afande aliturudisha, akatushusha kwenye lango la kambi na kumpa rafiki yangu mkono. Rafiki yangu aliushika. Hakusema asante. Alisema, "Siku nyingine, niulize kwanza."

"Siku nyingine haiko," alisema afande.

Mimi nilidhani yamekwisha. Nilikuwa sijaijua kambi vya kutosha. Mke wake na jirani zake walikuwa wamelia kwa mtu aliyechukuliwa kwa pingu. Walikuwa wamekwenda kanisani, wakaomba kwa ajili yake. Na yeye akarudi baada ya siku mbili, bila alama ya kipigo, ameshushwa na gari lilelile, akipeana mikono na askari. Watu walimtazama mtu huyo wakajiuliza amesema nini huko, na kuhusu nani. Wale vijana wa mawe waliacha kumsalimu. Wateja walianza kuvuka barabara wakanunue unga upande wa pili. Rafiki yangu, aliyekuwa akichukua magunia kadhaa ghalani kwetu, akawa anachukua moja, kisha nusu, akagawana na mwingine.

"Waambie ukweli," nilimwambia.

"Ukweli gani? Polisi alinikamata nifanye mtihani? Wewe ungeamini?" Alikuwa anapanga betri ambazo hakuna aliyezigusa. "Na wakiamini, wataambia watu. Afande atapoteza kazi. Kalas, basi. Wacha waseme."

Matokeo yalibandikwa ukutani mwa ukumbi. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama chini yake. Alikuwa amefaulu masomo yote, na lile la sheria ya jinai aliongoza darasa. Nilimsomea alama moja moja na kila moja aliniambia niirudie. Halafu nikasikia akimwambia mke wake kwa lugha yao, na mke wake akijibu neno moja fupi.

"Amesema nini?"

"Amesema sawa."

Karatasi nyingine ilikuwa imebandikwa kando ya matokeo. Mwaka wa pili ungefundishiwa Kitale. Anayetaka aende, asiyetaka awasiliane na ofisi. Mama Chifu alisema atakwenda Kitale hata kwa kupanda ngamia. Afande alikuwa ameshapata uhamisho wa kwenda pwani, alikokuwa akiuomba tangu zamani, na aliondoka akaniachia rula yake. Kwa rafiki yangu, kati yake na Kitale hapakuwa na kizuizi kimoja tu; palikuwa na vizuizi vyote.

Na mimi? Nilikuwa na njia wazi. Ningeweza kwenda. Lakini tangu wiki ile ya mtihani nilikuwa nikifungua kitabu cha sheria naona zile pingu mbele ya mizani, na moyo unaanza kwenda mbio. Nilikuwa nimeingia darasani nipone woga wa polisi, na sasa nilikuwa na woga wa polisi pamoja na ule wa kuwaelewa. Katikati ya mwaka nilimwambia tajiri wangu atafute mtu mwingine wa ghala. Niliambiwa kuna kazi ya kambi ya barabara upande wa Isiolo.

Siku niliyoondoka rafiki yangu alifunga duka ili anisindikize. Kulifunga kulikuwa rahisi. Alibeba mkoba wangu na mimi nikabeba vitabu vyote vya mwaka wa kwanza, nikamkabidhi tulipokuwa tunatembea.

"Utasoma Isiolo?" aliniuliza.

"Sijui kama kuna chuo."

"Wewe hujui kukaa," alisema. "Ningekuwa na miguu yako ningekuwa jaji."

"Na mimi ningekuwa na kichwa chako."

"Kichwa si nakuachia? Uko na namba ya simu."

Tulipita nyumba za mwisho, tukafika pale mto mkavu unapokata njia. Magari ya kusini yalisimama ng'ambo yake. Wachungaji walikuwa wamechimba visima mchangani, wanachota maji kwa vibati na kuwaimbia mbuzi wao. Rafiki yangu alitelemka ukingoni, akapiga hatua chache juu ya mchanga, akasimama.

"Si gari liko pale tu," nilisema.

"Naliona."

Askari wa akiba aliyekuwa akinywesha punda wake alituinulia mkono. "Unaenda wapi na huyo?"

"Namsindikiza mgeni," alisema rafiki yangu.

"Mwisho hapo."

"Najua," alisema. "Nilipata alama ya juu." Yule askari hakuelewa, akaendelea na punda wake.

Alinipa mkoba. Tulishikana mikono kwa namna ya kwao, bega kwanza, halafu kiganja. Nilivuka mchanga, nikapanda, na nilipopata kiti nilimwona ameketi ukingoni, amefungua kimoja cha vile vitabu juu ya magoti, anasoma, na gari lilipoondoka hakuinua kichwa. Kizuizini askari nisiyemjua aliingia, akamulika nyuso zetu. Kwangu hakuuliza kitu.